Ukoo wa Ngamiani: Zuhura na maktaba

*Jumanne, jioni*

Mama Zuhura: Assalaam aleikum ukoo. Shikamooni wakubwa. Zuhura keshajiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha nne: Kemia, Hisabati na Historia. Nyumbani hapasomeki. Cherehani yangu inalia kutwa, na jirani akifungua redio mtaa mzima unasikia. Naomba tushauriane habari ya tuisheni, kama kuna wa kunishika mkono.

Mjomba Mkubwa: Waaleikum salaam. Marahaba mwanangu. Tuisheni tutaitazama. Lakini mbona haendi maktaba hapa Tanga? Akivuka reli tu yuko mjini.

Kaka Muheza: Shikamoo Mjomba. Kwani watu bado wanaenda maktaba? Zuhura ana simu, kila kitu kimo humo.

Zuhura: Shikamooni. Kaka, simu nikiishika nasoma dakika kumi, halafu najikuta niko kwingine kabisa. Na bando linakata. Ila maktaba naogopa. Napita pale kila siku, sijawahi kuingia. Najua ni ya wanachuo.

Mjomba Mkubwa: Zuhura, maneno hayo hayo aliyasema babu yako.

Mjomba Mkubwa: Babu yako alikata mkonge maisha yake yote. Akija mjini na baiskeli anapita pale, anasema mle ni mwa wakubwa. Na jina lenyewe lilimtisha: Maktaba ya Kumbukumbu ya King George VI. Ni yule mfalme wa Uingereza aliyefariki 1952. Mtu aliyetoka kukata mkonge, mikono imejaa miiba, ataingiaje nyumba ya mfalme? Hakuna aliyemfukuza mlangoni. Alijifukuza mwenyewe, na mimi mwanawe nikarithi woga ule ule.

Zuhura: Sasa Mjomba wewe uliingiaje?

Mjomba Mkubwa: Subirini nivae miwani.

Shangazi Bagamoyo: Wakati anatafuta miwani niseme mimi, maana ndiyo kazi iliyonilea. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha bodi ya maktaba ya Tanganyika. Kabla ya hapo kulikuwa na shirika la vitabu la Afrika Mashariki nzima, lililoanza 1948, likisambaza vitabu kwa masanduku. Sheria ikatungwa upya 1975, ndiyo mkapata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania mnayoijua. Hiyo ya Tanga ikawa maktaba ya mkoa. Kwa hiyo mwanangu, si nyumba ya mfalme tena wala ya wanachuo. Mtoto wa chekechea ana rafu yake mle.

Mjomba Mkubwa: Haswa. Na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam aliifungua Mwalimu mwenyewe, tarehe 9 Desemba 1967, siku ya uhuru. Mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Mwalimu wetu wa darasa alituambia: nchi imejijengea nyumba ya vitabu, nanyi ndio wenyewe. Nikalishika neno lile.

Mjomba Mkubwa: Basi nilipopata ukarani kwenye shamba la mkonge, mbali na mji, nikasikia kuna maktaba ya posta. Kama huku kwenu hakuna maktaba, unaandika barua na vitabu vinakufuata. Siku kifurushi changu cha kwanza kilipofika, karatasi ya kaki, kamba ya katani, jina langu juu, nilikaa nacho mapajani muda mrefu sijakifungua. Hakuna aliyewahi kunitumia kitu kwa posta. Nikasoma kwa koroboi. Babu yenu alikuwa anakaa pembeni, namsomea kwa sauti, maana yeye kisomo cha watu wazima alikuwa ndiyo kwanza ameanza.

Mama Zuhura: Mjomba hili hukuwahi kutuambia.

Mjomba Mkubwa: Hamkuniuliza.

Mjomba Mkubwa: Nilipohamishiwa mjini ndipo nilipoingia pale kwa miguu yangu. Mama mmoja mezani akaniuliza, "Unatafuta nini, kijana?" Basi. Ndiyo mlango wote huo niliouogopa miaka yote.

Zuhura: Nikiingia sasa nafanyaje? Naanzia wapi?

Shangazi Bagamoyo: Mezani pale mbele. Unaomba fomu ya uanachama. Nilipokuwa kazini tulitaka picha ndogo mbili, ada, na mdhamini mtu mzima anayesaini kwamba kitabu kikipotea atalipa. Ada ya sasa uliza pale pale. Kusoma mle ndani ni jambo moja, kuazima kwenda nacho nyumbani ni jingine. Vitabu vya rejea, kamusi na ensaiklopidia, havitoki.

Shangazi Bagamoyo: Sasa shika hili. Kila kitabu kina namba mgongoni. Usizunguke kama uko sokoni, fuata namba. Hisabati 510. Kemia 540. Historia ya Tanzania 967.8. Mpango huo aliutoa Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, mwaka 1876, ukaenea duniani.

Kaka Muheza: Na Kiswahili?

Shangazi Bagamoyo: Lugha 496.392, fasihi yake 896.392. Ona urefu wa namba hiyo. Kiingereza kimepewa 420 yote peke yake. Kiswahili, Kisambaa, Kizigua na Kizulu vimebanwa pamoja kwenye 496. Uislamu wote umewekwa 297, wakati Ukristo umechukua sehemu kubwa ya 200. Jambo hilo liliniuma tangu niko chuoni hapa Bagamoyo na linaniuma mpaka leo. Lakini ukizijua namba, unakiendea chako moja kwa moja.

Kaka Muheza: Shangazi, kile kijitabu changu cha ufugaji nyuki, mchapaji anadai namba ya kwenye jalada. Naipata wapi?

Shangazi Bagamoyo: ISBN hiyo, namba ya kukitambulisha kitabu. Anayetoa Tanzania ni Bodi hiyo hiyo ya Maktaba. Na kikichapwa unatakiwa upeleke nakala kwao zihifadhiwe. Nitafute pembeni nikuelekeze.

Mama Zuhura: Nani atasaini udhamini? Mimi naogopa karatasi za kusaini.

Kaka Muheza: Mimi sistahili. Nilipokuwa darasa la saba nilipoteza kitabu cha maktaba na nikanyamaza miezi. Mjomba ndiye aliyekwenda kulipa. Ila ada ya Zuhura naitoa mimi. Naituma usiku huu.

Mjomba Mkubwa: Yale yalikwisha siku ile ile, baba. Nitasaini mimi. Zuhura, kesho saa tatu asubuhi nakuja na bajaji. Uwe na picha.

*Jumatano, saa kumi alasiri*

Zuhura: Nimetoka sasa hivi. Dada wa mezani aliniuliza kama alivyosema Mjomba: unatafuta nini? Nikamwambia 540. Akacheka, akauliza nani kanifundisha.

Shangazi Bagamoyo: 😊 Mwambie shangazi yako.

Zuhura: Nimekaa karibu na dirisha saa tano nzima. Mlinganyo wa kemia uliokuwa unanishinda tangu mwaka jana nimeupata, vitabu viwili vinaeleza tofauti, cha pili ndicho nilichokielewa. Na kuna wengine wanne wanarudia mtihani kama mimi. Tumekubaliana Hisabati tusome pamoja Jumamosi, nje, maana ndani hapaongewi.

Mama Zuhura: Alhamdulillah. Hiyo tuisheni basi tungoje kwanza.

Zuhura: Mjomba, kadi ikitoka naruhusiwa kuazima. Nikuletee nini?

Mjomba Mkubwa: Nenda 896.392. Mashairi, chochote utakachokipenda wewe. Lakini macho yangu hayawezi tena maandishi madogo.

Zuhura: Nitakuja nacho Ngamiani baada ya magharibi. Wewe kaa pembeni, nitasoma kwa sauti.