Muziki wa taharuki chini ya picha ya mtuhumiwa: tuuache au upigwe stopu?

MTOA MADA: Wakuu, naomba hili tulijadili bila jazba. Kuna vile vipande vya muziki vifupi vya kupandisha presha, watu wanavipakua kwenye maktaba za muziki mtandaoni wanavibandika kila mahali, trela, podikasti, na siku hizi hadi kwenye habari. Filamu za kubuni sina neno nazo, hata muweke ngoma mia. Shida yangu ni matukio ya kweli, pale mtu ambaye kesi yake hata haijaanza kusikilizwa anaonyeshwa anashuka kwenye gari, picha imepunguzwa spidi, chini besi inaunguruma, alafu violini zinaanza kutetemeka zinapanda taratibuuu, akigeuza shingo tu, DUMM, kimya. Jamaa kashuka kwenye gari! Basi! Ila we uliyekaa unaangalia ushamfunga maisha.

Na hii sio hisia zangu. Mwaka 2016 jarida la PLOS ONE lilichapisha utafiti, watu wakaonyeshwa klipu ya sekunde 60 ya papa wanaogelea, wengine wakawekewa muziki wa kutisha, wengine wa kuchangamsha, wengine kimya. Waliosikia wa kutisha ndo waliowaona papa vibaya zaidi. Na papa wenyewe walikuwa wanaogelea tu.

Kwa hiyo mi nasema, mtu wa kweli ambaye hajahukumiwa asiwekewe muziki kabisa.

EDITA: Mkuu unauonea muziki. Mi naediti kila siku, hiyo slo-moshen uliyoitaja, rangi kugeuzwa nyeusi na nyeupe, jibu lake kukatwa katikati, vyote vinahukumu. Ukitoa besi ukaacha hayo mengine umemsaidia nini huyo mtu? Na tusidanganyane, makala ya dakika arobaini bila muziki nani ataimaliza?

MTOA MADA: Hayo mengine nayaona kwa macho, naweza kubisha, naweza kusema mbona mmemkatisha. Muziki nitaubishia vipi wakati hauna sentensi? Msimuliaji akitamka "huyu ni muuaji" anaweza kushtakiwa kwa kumchafulia mtu jina. Besi ikisema hivyo hivyo hakuna wa kuipeleka mahakamani, na nyie maedita mnalijua hilo vizuri sana ndo maana mnaitumia.

MPITA NJIA: Hapo kwenye kimya mmepakimbia. Filamu ya The Birds ya mwongozaji Hitchcock, 1963, haina muziki wa kawaida wa filamu, ni sauti za ndege tu na ukimya, na inatisha. Kimya nacho kinasukuma mtu.

EDITA: Asante! Alafu huyo huyo Hitchcock kwenye Psycho ya 1960 alitaka ile sini ya mwanamke kuuawa bafuni isiwe na muziki, mtunzi wake wa muziki Bernard Herrmann akaandika tu zile violini zake, mzee alipozisikia akakubali. Sini ile ile, picha zile zile. Kwa hiyo anayeamua ni mtengenezaji, muziki ni kifaa tu.

MTOA MADA: Sasa si umenisaidia wewe? Sini ile ile, picha zile zile, kilichobadilika ni violini. Ndo hoja yangu hiyo! Hitchcock alikuwa anatengeneza hadithi, yule wa bafuni ni mwigizaji, alimaliza kazi akaenda kwao. Huyu wenu anarudi mtaani watu wanamnyooshea vidole. Na kimya ninachosema mimi ni kuacha sauti ya pale pale, mlango wa gari, hatua, watu wanaongea. Sio kuzima kila kitu ili mtu ashtuke, hiyo nayo ni janja yenu ile ile.

MPITA NJIA: Haya, na ile piano ya huzuni mnayomwekea mama wa marehemu je? Nayo itoke? Maana mama akilizwa na piano, ujue kuna mtu upande wa pili ameshahukumiwa.

MTOA MADA: Dah. Itoke nayo. Roho inaniuma ila itoke, mama analia mwenyewe anatosha.

EDITA: Mi ya besi naweza kukuachia mkuu, kwa mtuhumiwa tu. Piano siitoi.