Nimefundisha filamu chuo kikuu muhula mzima kwa kamera yangu mwenyewe, leo naambiwa hakuna rekodi kwamba nilikuwepo

Wakuu, poleni na majukumu. Wasimamizi naomba uzi huu msiuunganishe na nyuzi za kutafuta ajira, hili ni jambo jingine kabisa. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Jana saa moja usiku amenipigia kijana mmoja ambaye tulishuti wote tangazo mwaka juzi. Ana furaha kweli. Ameitwa kufundisha chuo kikuu, somo la utengenezaji wa filamu, mwalimu wa muda, aanze Jumatatu. Nikamuuliza, barua umepewa? Akasema barua ipo kwa mkubwa inasubiri saini, itamfuata. Nikamuuliza, wamekwambia uje na nini? Akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka, wameomba nije na kamera, za idara ziko matengenezo."

Nikajua ni chuo gani kabla hajakitaja. Sitakitaja hapa, ni chuo kimoja Dar es Salaam, walioko humo watajijua. Na zile kamera ninazifahamu, ni za kanda, ziko kwenye kabati la chuma chumba cha ghala, na hazijawahi kupelekwa kwa fundi yeyote tangu mimi nizione.

Nianzie mwanzo. Mwaka jana, mwishoni mwa Oktoba, nilipigiwa simu na mkuu wa idara. Mwalimu wao wa filamu ameenda masomoni nje ya nchi, wanafunzi wa mwaka wa pili wanafungua chuo wiki ijayo, hakuna wa kuwafundisha. Akasema ameona kazi zangu, akasema watoto wanahitaji mtu anayeshika kamera kila siku. Nilisikia fahari, nakiri. Mama yangu nilimpigia usiku huohuo.

Nikamweleza ukweli: Daktari, mimi GPA yangu ni 3.4. Wote tunajua matangazo ya ajira ya vyuo vya umma, mkufunzi msaidizi isipungue 3.8 kwa 5, na mhadhiri msaidizi lazima uzamili wake uwe na 4.0. Akanijibu kwamba hiyo ni kwa ajira ya kudumu, mimi naingia kwa muda, malipo kwa saa, shilingi 20,000 kila saa. Barua ya uteuzi itafuata, nianze tu kwa sababu ratiba imeshatoka. Nikaanza Jumatatu.

Sasa naomba mnielewe vizuri hapa, maana najua wapo watakaosema nilishindwa vigezo nikubali yaishe. Sina ugomvi na 3.8. Kama chuo kinaona mimi sifai kufundisha, kisiniite. Kilichotokea ni kwamba vigezo vilinizuia kuingia kwenye orodha ya mishahara lakini havikunizuia kuingia darasani, kutunga mitihani, kusahihisha, kusimamia mazoezi mpaka saa mbili usiku.

Darasa lilikuwa na wanafunzi 84. Kamera ya idara iliyokuwa inawaka ilikuwa moja, na betri yake ilikaa dakika ishirini. Kompyuta za maabara zilikuwa na RAM ya GB 4, ukifungua programu ya kuhariri inaganda hapohapo. Niliwagawa wanafunzi makundi 14 ya watu sita sita. Kipindi cha vitendo ni saa tatu. Pigeni hesabu wenyewe: dakika 180 gawanya kwa makundi 14, kila kundi linapata kamera dakika 12 na ushee, na ndani ya hizo 12 watu sita wapokezane. Mtu anashika kamera dakika mbili kwa kipindi halafu anahitimu akiwa na shahada inayosema anajua kutengeneza filamu.

Kwa hiyo wiki ya pili nikabeba vya kwangu. Kamera mbili, lenzi tatu, tripodi, maiki ya kushika kwa mti na zile za kubana shingoni, taa mbili za LED, laptopu yangu ya kuhariria. Nilipomwambia mkuu wa idara alishukuru sana, akasema nimeokoa jahazi. Wiki ya tatu mlinzi wa getini alishanizoea na begi langu. Wiki ya nne nilipokwenda bila begi, kwa sababu nilikuwa na shuti ya mteja siku ileile, niliulizwa kwa ukali kabisa, "Sasa mwalimu, leo watafanyia nini?"

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Kukodi seti ile kwa siku moja hapa mjini si hela ndogo. Chuo kilikuwa nayo siku tatu kila wiki, karibu wiki zote 15, na mtu wa kuiendesha juu yake, kwa ahadi ya 20,000 kwa saa. Walihitaji begi, na mimi nilikuja nalo kwa sababu begi haliwezi kutembea lenyewe.

Ambaye hajawahi kufundisha kazi hii anaweza kudhani ungeweza kusimama na projekta ukasoma slaidi. Nawapa mfano mmoja. Somo la shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie kwa kila picha. Ukiandika ubaoni kwamba umeme wetu ni hezi 50 na kwamba taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, wanafunzi wataandika na watasahau. Mimi niliwaambia washuti darasa lilelile chini ya zile taa za mrija, kwanza shata ikiwa 1/60 ya sekunde, halafu 1/50. Ya kwanza picha ikawa inahema, michirizi inapanda ukutani. Ya pili imetulia. Darasa zima likapiga kelele. Kijana mmoja akasema kumbe ndiyo maana video ya harusi ya dada yake ilikuwa inapepesa ukumbini, kameramani alikuwa amekuja na kamera iliyopangwa kwa umeme wa Marekani. Yule hatasahau mpaka anazeeka. Lakini somo lile halifanyiki bila kamera unayoweza kuibadilisha mipangilio kwa mkono, na kamera ile ilikuwa yangu.

Wiki ya tisa kundi moja lilikwenda kushuti soko la samaki Feri, filamu fupi ya dakika tano kuhusu kina mama wanaokaanga samaki. Niliomba idara itoe barua ya utambulisho, kwa sababu kila mtu anayefanya kazi hii anajua huwezi kutua mahali kama pale na tripodi bila karatasi mkononi. Nikajibiwa barua haiwezi kutoka kwa jina langu kwa kuwa mimi si mtumishi, wasubiri mratibu arudi safari. Mratibu hakurudi. Wanafunzi walikuwa na tarehe ya kukusanya kazi. Wakaenda na vitambulisho vyao. Mlinzi akauliza kibali, ambalo ni swali halali kabisa, watoto wakababaika, mmoja akakusanya vifaa kwa haraka, begi likafunguka, lenzi yangu ya 24-70 ikaanguka kwenye zege lenye maji ya chumvi.

Fundi aliniambia 650,000 kuirekebisha. Niliandika barua idarani. Jibu: kifaa hakimo kwenye rejesta ya mali za chuo, kwa hiyo chuo hakiwezi kugharamia. Wanafunzi wa lile kundi, hawa wanaoishi kwa boom la mkopo na chipsi kavu, wakachangishana wakaniletea 310,000 kwenye bahasha. Nilirudisha. Niliwaambia chuo kitalipa, ni suala la makaratasi tu. Niliwadanganya bila kujua.

Februari nikamaliza. Saa 12 kwa wiki, nne za nadharia na nane za vitendo, wiki 15, jumla saa 180. Kwa makubaliano yetu ni 3,600,000. Mkuu wa idara aliandika dokezo, nikajaza fomu ya madai, nikaambatanisha ratiba na karatasi za mahudhurio zenye saini za wanafunzi. Kwanza uhasibu wakasema saa ya vitendo inahesabiwa nusu ya saa ya nadharia, kwa hiyo zangu ni 120 na pesa ni 2,400,000. Hakuna aliyeniambia hivyo Oktoba. Nikakubali kwa shingo upande, nina kodi ya nyumba na mtoto shule. Halafu ikawa fungu halina fedha, subiri mwaka mpya wa serikali. Julai ikafika, ikawa mfumo haujafunguka. Agosti, faili liko masjala. Masjala wanasema faili liko kwa mkubwa. Kwa mkubwa, katibu muhtasi anakuuliza cheki namba yako ngapi. Sina cheki namba, ile namba ya mtumishi kwenye mfumo wa mishahara ya serikali, mimi ni mwalimu wa muda. "Basi kaka huwezi kuonekana kwenye mfumo."

Septemba, mwanzoni, ikaja barua pepe. Mistari minne. Kwamba baada ya kupitia kumbukumbu, hakuna barua ya uteuzi iliyowahi kutolewa kwa jina langu, hivyo ofisi haina msingi wa kunilipa.

Ile barua waliyosema itanifuata.

Nikaenda kwa msimamizi wa matokeo kuomba japo ushahidi kwamba alama za wanafunzi niliziingiza mimi. Kumbe kwa kuwa sikuwa na akaunti, alama zote 84 ziliingizwa kwa jina la yule mwalimu aliyeko masomoni. Simlaumu yeye, nadhani hata hajui. Lakini kwa makaratasi ya chuo, mtu aliyekuwa ng'ambo muhula mzima ndiye aliyewafundisha watoto wale kushika kamera, na mimi sikuwahi kukanyaga pale.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Aliyeuliza kwa nini sikuacha wiki ya tatu nilipoona barua haiji: kwa sababu wiki hiyo kuna binti aliyekaa nyuma kabisa, hajawahi kushika kamera maishani, alivua shuka jeupe la kitanda chake hosteli akalitundika dirishani kulainisha jua la saa nane, bila mimi kumfundisha. Uso wa mwenzake kwenye kioo cha kamera ukawa kama umepakwa mafuta. Alikuwa anaogopa kuuliza kama amekosea. Mkuu, wewe ungeacha? Wanaosema tunafundisha bure kwa sababu ya ujinga, wanafunzi hawakutuita wao. Wao wamelipa ada.

Na kwa wanaosema bila mkataba wa maandishi sina changu, nimekaa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na shauri likifika mbele ya sheria, mwajiri akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo, kifungu cha 61, inasema mtu akimfanyia mwingine kazi wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mimi nilikuwa na 48 kwa mwezi, darasani peke yake, bila kuhesabu kusahihisha. Najua chuo watasema kwamba miezi ile mitatu imepita zamani, na kwamba nilikuwa mkandarasi mwenye vifaa vyake. Yaani kamera waliyoniomba niilete ndiyo watakayoitumia kusema sikuwa mwalimu wao. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko hata hizo milioni.

Yule kijana wa jana nimemwambia asitie mguu darasani bila barua yenye jina lake, kiwango cha saa, namna saa za vitendo zinavyohesabiwa, na orodha ya vifaa vyake iliyosainiwa na idara kwamba vikiharibika kazini nani analipa. Amesema atawauliza. Asubuhi ya leo amenitumia ujumbe: wamemwambia kama hataki wapo wengine wenye kamera.

Sasa ninachoomba kutoka kwenu. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60 tangu mgogoro utokee. Mimi nahesabu kuanzia tarehe ya ile barua pepe, kwa hiyo nimebakiwa na siku 19. Kuna yeyote humu aliyefungua shauri kwa ratiba, mahudhurio na jumbe za WhatsApp tu, bila barua ya uteuzi? Walikubali tarehe ya jibu la mwisho la mwajiri, au walihesabu tangu siku ya mwisho ya kufundisha na ukalazimika kuomba kuongezewa muda? Na kama uliwahi kufundisha filamu, upigaji picha au redio kwa muda kwenye chuo chochote na una madai kama haya, njoo inbox. Tumeshafikia wanne, wawili kati yao walifundisha kozi ileile kabla yangu. Fomu namba 1 ya CMA ya kufungulia shauri nimeshaichukua, najaza usiku huu.