JICHO LANGU SIYO KIAZI! Yule dada wa duka la miwani apunguze mdomo

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi. Naandika nikiwa juu ya boda naelekea Kijenge, jicho la kulia limejifumba lenyewe, la kushoto lensi bado imo maana nimegoma kuitoa mbele yake. Herufi zikiruka mtanivumilia.

Yule dada mnamjua. Watu wa Arusha wote mnamjua, msijifanye. Mwenye kope za kubandika, akipepesa unapata ubaridi.

Mdogo wangu ana sendofu Moshi Jumamosi, nikasema safari hii sipigi picha na miwani. Nikalipa lensi za kuvaa ndani ya jicho, nikakaa mbele ya kioo. Kuvaa tu, nimeanza watu wanakunywa chai ya asubuhi, nimemaliza maduka yanafungwa. Lensi inatulia vizuri kwenye kidole, ikikaribia jicho inahamia kidole cha jirani. Ikaingia hatimaye, nikaona vumbi la Kilombero punje kwa punje.

Balaa ni kutoa. "Angalia juu, ishushe kwenye weupe, ibane." Nabana, sipati kitu. Nabana, nimeshika kope. Nabana tena, machozi hadi kwenye kola. Hapo ndipo akapaza sauti, duka limejaa:

"Mama, hilo ni jicho siyo kiazi, acha kulimenya!"

Duka zima kicheko. Mlinzi kaacha geti kaja kuangalia. Kuna mzee alikuwa anapimwa, hata ile herufi kubwa ya juu ilikuwa inamshinda, lakini mimi aliniona vizuri sana akacheka.

Kiazi! Mtu nimelipa taslimu! Angesema "taratibu dada" angepungukiwa nini? Na hiyo "mama" yenyewe, ananizidi umri yule. Lensi ya kulia alikuja kuitoa yeye, huku bado anacheka. Kiazi, wakuu. Mbele za watu.

Huyu anashtakiwa wapi?

Chalii wa Sakina: Pole sana Mama Kiazi. Mviringo au kitamu?

Binti Tengeru: Namjua huyo! Mimi aliniambia pua yangu haina pa kushikia fremu. Na fremu nikanunua, ujinga huo.

Mtazamaji: Weka picha ya kucha kwanza.

Mleta uzi: Kucha zinahusu nini hapa?

Mtazamaji: Kumbe zimeshabandikwa za sendofu. Dada wa watu alikuwa anaokoa jicho.

Chalii wa Sakina: 😂😂 Kiazi kimenusurika.

Shangazi Njiro: Mnacheka na mtu lensi bado imo. Mdogo wangu, ukifika nawa mikono kwa sabuni, suuza, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Jicho likiwa kavu usibane, tia yale matone ya kulainisha ya watu wa lensi, pepesa, subiri. Iteremshe kwenye weupe ndipo uibane kwa nyama ya kidole, ukucha usiguse kabisa. Na usilale nayo.

Mleta uzi: Asante shangazi. Na ikizama nyuma mpaka ubongoni?

Shangazi Njiro: Haiwezi. Ile ngozi laini ya ndani ya kope inajikunja na kuungana na jicho, nyuma hakupitiki. Itajificha chini ya kope tu. Jicho likizidi kuuma au ukiona ukungu, idara ya macho ya hospitali ya KCMC ipo hapo hapo Moshi.

Mzee wa Fursa: Mimi zangu nasuuza kwa mate, mwaka wa ngapi huu.

Shangazi Njiro: Mate?! Mate hapana, maji ya bomba hapana, hata ya chupa hapana. Kwenye maji kuna mdudu anaitwa akanthamoeba, akiingia chini ya lensi anashambulia kioo cha jicho, watu wamepofuka. Ni dawa ya kusafishia lensi tu, na ya jana unamwaga, huongezei juu.

Mzee wa Fursa: Dawa yenyewe bei umeiona shangazi? Mate ni bure.

Mleta uzi: Turudi kwenye mada jamani. KIAZI. Mbele za watu.

Mangi Mdogo: Mleta uzi, Jumamosi unapanda nini kwenda Moshi? Nauliza kwa sababu kuna konda wa Haisi ana chenji yangu tangu Boma Ng'ombe. Kaniambia "tulia mangi, ukishuka", nimeshuka gari haijasimama vizuri, huyo kaondoka.

Binti Tengeru: Yule wa jino la dhahabu?

Mangi Mdogo: Huyo huyo!

Binti Tengeru: Ana hela yangu pia. Na alinikalisha kwenye ndoo.

Mleta uzi: Jamani, bado sijaitoa ya kushoto.

Mzee wa Fursa: Ndoo afadhali. Mimi alinipakatisha jogoo wa mtu hadi Usa River, na nauli nimelipa kamili.

Chalii wa Sakina: Huyu konda afunguliwe uzi wake. Mangi anzisha, sisi tunakuja.