Pateni (michoro ya kukatia) za dirii na chapeo kwa kompyuta: nimchoree fundi bati?

MchoraKadi (Tanga)
Shikamooni wakubwa. Nina steshenari hapa Ngamiani: kadi za harusi, vitambulisho, vibandiko vya bodaboda. Inkscape, programu ya kuchorea, naitumia kila siku. Kuna vijana wa maigizo wananitaka niwasaidie mavazi ya askari wa Kireno, kwa mchezo wa São Rafael, ile meli ya msafara wa Vasco da Gama iliyokwama pwani yetu hii mwaka 1498, Wareno wenyewe wakaja kuichoma 1499. Wanataka dirii ya kifuani, vikinga vya mkono, na zile chapeo zenye ukingo uliochongoka mbele na nyuma na upanga utosini kama wa jogoo. Jirani yangu ni fundi bati, mzee mwenye mkono wake, ila kompyuta hagusi. Nataka nichore, nichape, yeye akate. Sasa nitajuaje kama kipande bapa kitakaa mwilini? Na printa yangu ni ya A4 tu.

Mshonaji wa Makorora
Kaka, kabla ya kompyuta shika futi kamba. Mpime mwigizaji akiwa keshavaa vya ndani vyote pamoja na sponji. Sponji la sentimita 1 linakuongezea zaidi ya sentimita 6 kwenye mzunguko. Ukimpima ngozi tupu, hiyo dirii atavaa mdogo wake.

Fundi Bati, Bagamoyo
Marahaba. Mimi nakata bati tangu enzi za koroboi, na siku hizi nachora kwa LibreCAD, programu ya michoro ya vipimo, mwanangu kanifundisha. Nikujibu kwa kirefu.

Kompyuta ni hodari kwa kitu kinachoviringika. Kikinga cha mkono ni faneli iliyokatwa ncha, basi. Tuseme mzunguko wa kifundo cha mkono pamoja na sponji ni milimita 210, karibu na kiwiko 300, urefu kwa ubavu 200. Chukua urefu, zidisha kwa mzunguko mkubwa, gawa kwa tofauti ya ile mizunguko miwili: 200 mara 300 gawa kwa 90, unapata 667. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tao la nje. La ndani toa 200, yaani 467. Pembe inatoka nyuzi 25.8. Chora matao mawili yenye kitovu kimoja, kata kwa pembe hiyo, ongeza milimita 15 upande mmoja za kulalia riveti. Kwa shiti ya bati ya unene wa milimita 1.2 ongeza pia kama milimita 4 kwenye mizunguko yote miwili kabla ya kupiga hesabu, maana unene nao unakula nafasi unapoviringisha. Kipande hicho kitaizidi A4 kidogo tu, inaudhi kweli. Gawa karatasi mbili, weka alama za msalaba kwenye maungio, na kila karatasi iwe na mraba wa milimita 100. Chapa kwa asilimia 100, usiruhusu printa ibane mchoro uingie kwenye karatasi. Pima mraba kwa rula kabla mzee hajashika mkasi.

Dirii: chora nusu, geuza kwa kioo. Miili yetu haiko sawa pande zote, lakini jukwaani nani anaangalia.

Chapeo ni kesi nyingine. Bati bapa halikubali kuwa bakuli kwa kukunjwa, lazima livutwe kwa nyundo, na likivutwa vipimo vyako vya kwenye skrini vimekwisha kazi. Programu za kukunjua maumbo kama Pepakura zitakupa vipande chungu nzima vya pembetatu. Kwa karatasi au sponji la yeboyebo ni safi, kwa bati utalaaniwa na huyo mzee. Mpe umbo la ubavu tu, nusu mbili za kuungana kwenye ule upanga, ukiacha sentimita 2 kuzunguka. Mengine yeye na gogo lake lenye shimo wanayajua.

Halafu bati la mabati ya nyumba, lenye zinki, asilichomelee ndani ya chumba. Ule moshi mweupe unaleta homa.

Na kwa taarifa yenu, chapeo hizo zilienea karne ya 16. Mwaka 1498 hazikuwa kichwani kwa mtu.

MchoraKadi (Tanga)
Ahsante sana mzee wangu! Chapeo waamue wenyewe, nitawaambia. Swali dogo: nimepewa faili la pateni za zamani, lililochorwa kwa Inkscape ya 2015. Kipande kilichoandikwa milimita 320 kinapimika 300.

Kijana wa Usagara
Zamani Inkscape ilihesabu pikseli (nukta za mchoro) 90 kwa inchi, tangu toleo la 0.92 la mwaka 2017 ni 96. 320 mara 90 gawa kwa 96 ni 300 kamili. Vuta mchoro wote kwa asilimia 106.67, umemaliza.

Fundi Bati, Bagamoyo
Hapo sasa. Na uzito je? Shiti ya milimita 1 ni karibu kilo 8 kwa mita ya mraba. Wale watoto wanacheza ngoma ndani ya igizo au wanasimama tu? Kama wanacheza, dirii ifanye ya sponji la yeboyebo, gundi ya viatu na rangi ya fedha, bati libaki la mikononi.

MchoraKadi (Tanga)
Wanapigana kwa panga za mbao, mzee, tena juani saa tisa.

Fundi Bati, Bagamoyo
Sponji.