MREJESHO: Ile faini ya tochi (kamera ya trafiki ya kupima spidi) kwenye Subaru WRX yangu

Wakuu habari zenu, niliuliza kama nilipe au nibishe ile faini ya elfu 30, trafiki walidai nimepita na 78 kwenye kibao cha 50 barabara ya Morogoro wakati kamera ya kwenye dashibodi inanionesha niko 50 kabisa.

Basi nikaenda kituoni, nikaomba kwa heshima tu nioneshwe picha ya tochi, afande akaifungua kwenye simu, kweli ni WRX ya bluu kama yangu lakini ukivuta namba herufi ya mwisho siyo yangu na ringi ni tofauti kabisa, mkubwa wao akaangalia na video yangu akasema deni linafutwa. Leo nimecheki mtandaoni kwa namba ya gari, hamna kitu. Nimefurahi sana aisee.

Wenye gari za spoti, zetu zinafanana na ndo zinaangaliwa kwanza, daini picha na msitoe hela mkononi, faini inalipwa kwa kontro namba (namba ya malipo ya serikali). Na mkuu ulienambia nisifute video, ubarikiwe sana.