Muuza kamera uliyeniambia "betri inakaa mwaka mzima", njoo usikie ulichonifanyia kileleni

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na ncha za vidole viwili bado zina ganzi, kwa hiyo mkikuta maneno yamepishana mnivumilie.

Iko hivi. Mzee wangu kastaafu, ana miaka 61, na toka tuko wadogo wimbo wake ni mmoja tu, ipo siku nitapanda Kilimanjaro. Miaka yote hiyo mlima tunauona toka uani kwetu kama ukuta wa jirani. Nikasema poa mzee twende, na picha ya kileleni nakupiga kwa kamera ya mkanda sio simu, maana picha zake zote za ujanani pale sebuleni ni za mkanda na nilitaka hii ikae nazo ukutani.

Kamera nikachukua kwa jamaa mmoja anauza vitu used Dar. Mjapani wa miaka ya 70, zito, linapendeza. Nikamwambia kabisa bro naenda nayo Kibo, akajibu "haina shida yoyote, betri nimeweka mpya, inakaa mwaka mzima". Hakuniambia kwamba shata ya hili dude, yani kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, inaendeshwa na umeme mwanzo mwisho. Yani betri ikizingua sio kwamba unapoteza mita ya mwanga tu ukakadiria mwenyewe, hapana, hupati hata picha moja ya kubahatisha, unabaki umening'iniza jiwe shingoni.

Kambi ya kwanza, Mandara, freshi. Horombo mita 3,720 freshi, nikibonyeza kitufe cha kupima betri sindano inaruka juu inatulia. Kambi ya Kibo, mita 4,720, sindano ikaanza uvivu, nikajua ni macho yangu, si unajua mwinuko unavyoleta mawenge. Saa sita usiku tukaanza kupanda, kamera iko nje ya koti kama mtalii wa kwenye tangazo (hapo kosa langu, nakubali). Gaidi (yani mwongoza njia wetu) anasema ni kama nyuzi 15 chini ya sifuri. Tunafika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, jua linatokea nyuma ya Mawenzi, mzee anageuka, sharubu zimeshika barafu, anacheka kama mtoto, nabonyeza. Kimya. Nabonyeza tena. Kimya. Mkono wa kuvutia mkanda nao haujongei maana shata bado imekokiwa. Sindano imelala chini kabisa.

Gaidi ananiuliza "kaka, jana betri ulilala nayo?" Nikamuuliza kwani mke wangu? Kumbe wenzetu wanalala nazo ndani ya slipingi bagi na wakitembea zinakaa kifuani. Gaidi anajua, wagumu (wabeba mizigo) wanajua, anayeuza kamera ndio hajui!

Sasa mlango wa betri unafunguliwa kwa sarafu. Navua glovu, natoa shilingi mia, vidole havinisikii, naiona mia yangu inabingirika kwenye changarawe inaelekea Kenya. Mgumu mmoja akanipa ya kwake. Betri nikaiweka kwapani, tukatembea nayo hivyo hivyo hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, nikairudisha, ikanipa picha mbili. Mbili! Ya tatu ikagoma, na mzee ndio kwanza kajiweka sawa pembeni ya kibao. Nikamwambia baba betri imelala. Akaniangalia weee, akasema "mwanangu, Nyirenda, yule aliyepandisha bendera ya uhuru, alipigwa picha hapa hapa 1961, mimi unaniambia habari za betri?"

Sikuwa na jibu. Simu yangu nayo ilishazima toka Gilman's.

Niliporudi ndio nikaanza kusoma. Ndani mlikuwa na 4LR44, alkaline ya bei chee. Alkaline ina majimaji ndani na umeme unatokana na kemia ya humo, baridi likikaza kemia inazubaa, volti zinashuka, kamera inaona haitoshi inajifungia. Betri haijafa, ikipata joto inaamka. Silva oksaidi 4SR44 inavumilia zaidi, na ya lithiamu ndio yenyewe kwa baridi. Hillary alipompiga Tenzing picha kule Everest 1953 alikuwa na Kodak Retina ya springi tupu, haijui betri ni nini.

Halafu sasa utamu. Nimemrudishia jamaa kamera, nje Dar joto la kufa mtu, kaishika, kabonyeza, KACHA. Betri ni ile ile! Ananiambia mbele ya wateja wake "si hii hapa bro inalia, labda hujui kuitumia". Nilitamani ardhi inimeze. Nikaipeleka kwa fundi Kariakoo, kafungua, kafuta vichuma vya betri, kachukua hela yake, kasema nzima. Nikamtumia jamaa meseji ndefu, kasoma, kanibloku.

Mkanda nimesafisha. Ya kwanza mzee kageuka, mgongo tu na mkoba. Ya pili uso upo, ila toka sikioni hadi kidevuni kuna alama kama radi, maana nilivuta mkanda kwa pupa na kwenye baridi kavu unatoa cheche zake humo ndani. Hiyo siwezi kumlaumu mtu. Mzee kaiweka ukutani hivyo hivyo, wageni wakiuliza anasema ni radi ya kweli, ilimpiga akapona.

Nauliza, 4SR44 orijino au ile ya lithiamu 28L kwa Arusha au Moshi napata wapi? Na mwenye Nikon FM2 au Pentax K1000 anayeuza, hizo betri ni ya mita tu, aje PM. Ila akianza na "haina shida yoyote" simjibu.