Gumzo la ukoo: Shangazi kalia na muvi, wahakiki walisemaje?

Shangazi Tanga: Jamani mko macho? Jana usiku nimeangalia ile The Bridges of Madison County, mwanangu aliniwekea kwenye flashi, nimelia mpaka kanga imelowa. Yaani haina bunduki, haina mtu wa kukimbizwa, ni mwanamke na mwanaume watu wazima wako jikoni wanaongea tu, na mie nalia

Mama Mdogo Moro: Wifi hiyo si ya zamani? Ya yule mzee wa kauboi

Shangazi Tanga: Eeh Clint Eastwood na Meryl Streep, ya 1995. Asubuhi nikamhadithia jirani akaniambia aah hizo ni muvi za machozi ya bure za kinamama wenye umri. Imeniuma. Sinza uko wapi mwanangu, wewe si ndo unasomea haya mambo, hivi wahakiki walisemaje ilipotoka?

Ba'mkubwa: Mlio macho mnisalimie kwanza

Mdogo Sinza: Shikamoo ba'mkubwa, shikamoo shangazi, mama mdogo shikamoo

Ba'mkubwa: Marahaba. Haya mjibu shangazi yako

Mdogo Sinza: Shangazi ngoja nikueleze maana hii stori yake naipenda mno. Jirani yako hayuko peke yake, kabla haijatoka karibu kila mhakiki alikuwa na mawazo kama yake. Muvi imetoka kwenye kitabu cha Robert James Waller cha 1992, huyu alikuwa mwalimu wa biashara chuo kikuu huko huko Iowa, Marekani, stori inapotokea, kitabu kikakaa kwenye orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzika zaidi kwa miaka mitatu na zaidi. Wasomaji wanakigombania, wahakiki wanakichana. Walisema lugha imejaa sukari mpaka inakaba, mwanaume anajisifia kwamba yeye ni kauboi wa mwisho mwisho, mwanamke yupo yupo tu wa kumshangaa. Kwahiyo iliposikika Eastwood, yule yule wa kutoa bastola, ndo anaongoza na anacheza mwenyewe, wengi walikaa mkao wa kuichana na muvi pia

Mama Mdogo Moro: Wakaichana?

Mdogo Sinza: Hawakuichana! Ndo maana naipenda hii stori. Imetoka Juni 1995, Roger Ebert wa Chicago akaipa nyota tatu na nusu kati ya nne, Janet Maslin wa New York Times naye akaisifu, Wafaransa ndo kabisa, jarida lao la Cahiers du Cinéma likaiweka kwenye orodha ya muvi bora za mwaka ule. Mpaka leo ukienda Rotten Tomatoes, ule mtandao unaokusanya maoni ya wahakiki, inacheza kwenye asilimia 90. Streep akateuliwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike, ingawa alibeba Susan Sarandon. Na hela iliingia, kama dola milioni 182 dunia nzima

Shangazi Tanga: Sasa mbona watu wanasema ni takataka

Mdogo Sinza: Shangazi wanachanganya kitabu na muvi, na wengine hawajaangalia hata kimoja, wamesikia tu mapenzi ya watu wa makamo basi wameshahukumu

Ba'mkubwa: Mimi niliangalia zamani kwenye mkanda, sikumaliza. Niulize kitu. Huyo mwanamke si mke wa mtu? Mume kaenda na watoto kwenye maonyesho ya mifugo siku nne, huku nyuma mke anaingiza mpiga picha ndani. Hapo wahakiki wanasifu nini? Halafu eti kaandika wosia maiti yake ichomwe moto majivu yamwagwe darajani, aache kuzikwa na mumewe. Mimi hapo nilizima

Mama Mdogo Moro: Shemeji kwenye kuchomwa hata mie siwezi kukubishia

Shangazi Tanga: Kaka mie sijasema alifanya vizuri. Nimesema nimelia

Dada Iowa: Shikamooni wote, nimeamka sasa hivi huku. Jamani mnaongelea kwetu na hamniambii! Winterset, mji wenye yale madaraja ya kwenye muvi, kutoka hapa Des Moines kwa gari haifiki hata saa moja. Roseman nimefika mara mbili, lile daraja alilokuwa anatafuta mpiga picha, limejengwa 1883. Ukiingia ndani watu wameandika majina yao kwenye mbao kila mahali, wapenzi, wajane, mtu na mkewe wa miaka arobaini

Mama Mdogo Moro: Daraja la kuingia ndani? Kwani ni nyumba?

Dada Iowa: Lina paa na kuta mama mdogo. Walifanya hivyo kwa sababu zile mbao kubwa za sakafuni ndo za bei, mvua na theluji zikizipiga zinaoza, kwahiyo bora uezeke, paa likichakaa unabadilisha paa. Yalikuwa 19 kwenye hiyo kaunti ya Madison, yamebaki machache, na moja linaitwa Cedar limechomwa moto makusudi mara mbili, 2002 na 2017, wamelijenga upya zote mbili. Watu wa huku wanayathamini sana, Oktoba kuna sikukuu yake kabisa

Shangazi Tanga: Nitumie picha mwanangu

Dada Iowa: Nikifika nyumbani nitakutumia shangazi, ziko kwenye simu ya zamani

Mdogo Sinza: Ba'mkubwa nirudi kwenye swali lako maana ni swali la haki, na hata wahakiki wenyewe waliligusa. Walichosifu sio yale mambo ya siku nne. Walisifu jinsi yalivyosimuliwa. Kwenye kitabu mpiga picha ndo mfalme, yeye ndo mtu wa ajabu anayejua dunia. Mwandishi wa skripti, Richard LaGravenese, akaigeuza stori ikawa ya Francesca, tunaona kwa macho yake. Mwanamke wa Italia, kaolewa na mwanajeshi wa Kimarekani baada ya vita, kaletwa shambani Iowa, miaka inapita anapika anafua, hakuna anayempiga wala kumtukana, mume ni mtu mwema kabisa, ila hakuna anayemuuliza chochote. Angalia pale mwanzo ba'mkubwa, anasikiliza muziki wake wa kwao kwenye redio, binti anaingia anabadilisha stesheni bila hata kumtazama. Na ule mlango wa wavu, mume na watoto kila wakipita wanaubamiza paa! Mpiga picha akipita anaudaka taratibu usilie. Hakuna aliyeongea kitu hapo. Hiyo ndo kazi ya dairekta

Shangazi Tanga: Ule mlango!!! Sikujua kwa nini nilianza kulia mapema vile, kumbe ni ule mlango

Mama Mdogo Moro: 😢

Mdogo Sinza: Na umri. Eastwood alimtaka Streep, wa miaka arobaini na mitano kweli, sio binti wa ishirini na saba kapakwa mvi. Yeye mwenyewe alikuwa 64. Kwa Hollywood mwanamke akishafika hapo wanampa umama wa kumpigia mtu simu dakika mbili, huku kapewa muvi nzima saa mbili na robo, mikono yake, shingo yake, anavyojipepea na joto. Wapo waliolalamika muvi ndefu, wapo waliosema lafudhi yake ya Kiitaliano imezidi, na wengi hawakupenda zile sehemu za watoto wakubwa wanasoma daftari la mama yao, walisema waigizaji wale wawili wanaonekana kama wameletwa kutoka muvi nyingine. Mi hapo nakubaliana nao. Ila kwa Streep karibu wote walikuwa kitu kimoja

Dada Iowa: Mi nawatetea wale watoto, yule wa kiume hasira zake ni za ukweli kabisa, mama yako amekufa unakuta barua za mwanaume mwingine ungefanyaje

Mdogo Sinza: Hasira nakubali dada, uigizaji ndo nabishia

Shangazi Tanga: Mie swali langu mwanangu, kwa nini kulia kunahesabiwa kasoro? Sisi tumekua Tanga tunaenda kuangalia sinema ya Kihindi na leso mkononi, ukitoka hujalia watu wanakuuliza ilikuwa mbaya? Machozi ndo ilikuwa risiti ya tiketi

Mdogo Sinza: Shangazi hapo umegusa penyewe. Wahakiki wengi wa kule wamelelewa kuyashuku machozi, wanaona kama umekamuliwa. Na kuna muvi zinakamua kweli. Chukua Nights in Rodanthe ya 2008, Richard Gere na Diane Lane, watu wazima pia, nyumba ufukweni, kimbunga, barua, kifo, kila kitu cha kuliza kipo, na waigizaji wazuri wote wawili. Wahakiki waliikataa, karibu asilimia 30 tu ndo waliisifu. Mi niliangalia zote mbili wiki moja. Ile ya ufukweni kila dakika kumi muziki unapanda kukuambia sasa lia, ukifika mwisho umechoka. Ya Madison inakunyima. Ile ya mvua pale mjini, unaikumbuka, hakuna hata anayeongea

Shangazi Tanga: Nisiikumbuke! Yeye yuko kwenye gari na mumewe, mbele kuna pikapu ya yule bwana, taa za barabarani nyekundu, anamuona anatundika ule mkufu wake kwenye kioo. Mkono umeshika kitasa cha mlango. Taa zikawa kijani pikapu haiondoki, inamsubiri, mume anapiga honi hajui kitu. Ule mkono kwenye kitasa nimeusimamisha nikaenda kunywa maji nikarudi

Mama Mdogo Moro: Akashuka?

Shangazi Tanga: Hakushuka wifi. Alibaki na mumewe na watoto wake mpaka mwisho. Ndo nachomwambia kaka, amezima kabla hajaona mwanamke amebaki

Ba'mkubwa: Kubaki na moyo uko kwingine ni kubaki?

Dada Iowa: Ba'mkubwa mi nadhani hiyo ndo muvi yenyewe imeuliza na haijajibu, ndo maana watu mpaka leo wanabishana. Ingekuwa inasema ndoa ni gereza kimbieni, ingesahaulika. Ingekuwa inasema tulieni majumbani, vilevile

Mdogo Sinza: Na mume hawajamfanya mtu mbaya. Hiyo ndo iliyonishangaza mimi kijana. Skripti nyepesi ingemfanya mlevi ili sisi tusione vibaya. Huyu mume, Richard, ni mtu mzuri. Ba'mkubwa wewe ulizima mapema hukufika kitandani kwake

Ba'mkubwa: Kitandani kwake wapi?

Mdogo Sinza: Anaumwa, anakaribia kufa, mkewe anamuuguza. Anamwambia anajua kwamba na yeye alikuwa na ndoto zake, anasikitika hakuweza kumpa. Basi, hasemi zaidi. Hujui kama alijua kuhusu yule mpiga picha au hakujua. Kuna watu walioiangalia mara tano wanakuambia hapo ndo wanapolia kuliko kwenye mvua

Shangazi Tanga: Mie nimelia pote pawili

Mama Mdogo Moro: Hiyo flashi iletwe Moro jamani, huku hata wale wanaotafsiri muvi za vita hawawezi kuigusa, watatafsiri nini wakati watu wamenyamaza

Dada Iowa: 😂 kweli mama mdogo, nusu ya muvi ni kunyamaza

Mdogo Sinza: Nitaandika maandishi ya Kiswahili ya chini mwenyewe, nipeni wiki mbili. Nimewahi kujaribu kipande cha jikoni nikakwama kwenye maneno machache tu, Kiingereza chao chepesi pale lakini Kiswahili chake lazima kiwe cha mtu mwenye adabu anayeogopa, sio Kiswahili cha kutongozana

Shangazi Tanga: Niletee hapa nikusaidie, hicho Kiswahili tunacho

Dada Iowa: Ba'mkubwa umekasirika? Umenyamaza

Ba'mkubwa: Sijakasirika

Ba'mkubwa: Nilikuwa nafikiria ile ya redio. Marehemu shangazi yenu anajua, mama yenu mkubwa alikuwa anapenda kipindi cha taarabu cha jioni, anakiweka anapika. Mimi nikirudi kazini nilikuwa naweka mpira au taarifa ya habari. Miaka yote. Hakuwahi kusema kitu na mimi sikuwahi kumuuliza, nilijua tu redio ni yangu

Ba'mkubwa: Nimekosea hapo juu, sio marehemu shangazi yenu, ni shangazi yenu huyu wa Tanga ndo anajua, samahani dada yangu simu hii maandishi madogo

Shangazi Tanga: Najua kaka. Alikuwa akija kwangu anaiwasha mwanzo mpaka mwisho, hata kuongea haongei

Mama Mdogo Moro: Allah amrehemu dada yangu

Mdogo Sinza: Amin

Dada Iowa: Amin. Ba'mkubwa pole

Ba'mkubwa: Hiyo sehemu ya mume anaumwa iko dakika ya ngapi?

Shangazi Tanga: Hapana kaka, usiirukie. Jumamosi panda basi la asubuhi uje, nitapika, tutaiangalia kuanzia kwenye mlango